Muulize Fundi: Usiipige Msasa Kwanza, Isome

Safari hii barua zimekuwa nyingi za zana za zamani, randa, misumeno, patasi za mababu, nadhani ni kwa sababu mwezi uliopita niligusia kidogo sanduku langu na watu wakakumbuka ya kwao. Nimechagua chache. Walioniuliza bei tu bila picha wala maelezo wanisamehe, mi siyo mganga.

Shikamoo mzee. Babu yetu alifariki mwaka jana hapa Tanga, alikuwa seremala wa reli enzi hizo, kaacha sanduku limejaa zana. Wajomba wanataka kuuza yote kwa watu wa skrepa kwa kilo. Kuna randa moja ya chuma nzito, imeandikwa BAILEY na No 5, kuna sehemu ina MADE IN ENGLAND, alafu ubavuni mtu kagonga E.A.R.&H. na namba. Hiyo Bailey ndo kampuni? Ina thamani yoyote? (Mjukuu, Tanga)

Marahaba mjukuu, na poleni sana kwa msiba. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili nenda kalifiche hilo sanduku, mengine tutaongea baadae. Randa namba tano ina uzito wa kilo mbili na kidogo, yaani ukiipeleka skrepa unapata hela ya soda na andazi, labda mawili.

Bailey siyo kampuni, ni mtu. Leonard Bailey, Mmarekani, ndo alikaa akafikiria jinsi ya kupandisha na kushusha kisu cha randa kwa kuzungusha kile kigurudumu cha shaba kilichopo nyuma ya kisu. Kabla ya hapo ulikuwa unagonga na nyundo, ukizidisha unagonga tena kurudisha, nusu ya asubuhi imeisha. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, ikanunua hataza zake, yaani haki za kisheria za ubunifu wake, na jina lake likabaki kwenye chuma mpaka leo hata baada ya yeye mwenyewe kugombana nao. Sasa yako imeandikwa England, siyo U.S.A., kwa hiyo siyo ya zamani sana kama wajomba wangependa iwe: Stanley waliingia Sheffield miaka ya 1930 walipokinunua kiwanda cha zana cha pale, ndo wakaanza kutengeneza randa Uingereza. Basi hiyo ni ya baada ya hapo.

Lakini utamu uko ubavuni. E.A.R.&H. ni East African Railways and Harbours, shirika lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, na mwaka 1969 bandari zikatengwa likawa shirika lingine. Kwa hiyo aliyegonga zile herufi aligonga katikati ya miaka hiyo. Angalia lakini, muhuri wa mwenye mali haukwambii randa ilitengenezwa lini, unakwambia ilikuwa ya nani na kuanzia lini, randa ya 1938 inaweza ikagongwa 1950 vizuri tu. Ile namba mara nyingi ni ya stoo, fundi anachukua asubuhi anarudisha jioni. Ya babu yako haikurudi, tumsamehe.

Pekua na zilizobaki. Tafuta P.W.D., hiyo ni idara ya ujenzi ya mkoloni. Tafuta alama ya mshale mfupi wenye mistari mitatu inayokutana juu kama unyayo wa kuku, hiyo ni mali ya serikali ya Uingereza na mara nyingine inakuwa na mwaka pembeni, 1942, 1944, zana za jeshi hizo. Thamani? Kwa hela, namba tano ni nyingi mno duniani, mzungu wa mtandaoni hatakufanya tajiri. Ila yenye muhuri wa reli yetu na unamjua kwa jina aliyeishika, hiyo mi binafsi siuzi. Na kama wajomba wanasumbua kweli, waambie kuna makumbusho ya reli Nairobi watu wanalipa kiingilio kwenda kuona vitu kama hivyo hivyo.

Fundi mambo, niko Columbus, Ohio, nimepata randa kwenye yadi seli kwa dola kumi. Ni Stanley Bailey namba nne. Nyuma ya kile chuma kinacholaza kisu kuna tarehe tatu, MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10. Muuzaji kaniambia ni ya 1902. Kanidanganya? (Wa Ohio)

Hajakudanganya, kasoma vibaya tu, na wengi wanasoma hivyo. Hizo ni tarehe za hataza, siyo za kiwandani. Chuma hakiwezi kuwa na tarehe ya Aprili 1910 alafu kiwe kimemiminwa 1902, si ndiyo? Kwa hiyo unashika ile ya mwisho, unasema: haiwezi kuwa kabla ya hapo. Na kwa bahati nzuri wakusanyaji wa huko kwenu wamezipanga randa za Stanley kwa vizazi, zenye tarehe tatu hizo ni za kati ya 1910 na 1918 hivi. Baada ya hapo tarehe mbili za kwanza zikaondolewa ikabaki ya 1910 peke yake, hizo ni za kuanzia 1919 kwenda miaka ya 20.

Uhakiki na kile kifundo cha mbao cha mbele. Kikiwa kifupi kimekaa kama uyoga, inaendana na tarehe tatu. Kikiwa kirefu, basi mtu kabadilisha, au randa imeunganishwa kutoka randa tatu tofauti, na hizo zipo kibao. Angalia na kisu: kikiwa na moyo wenye herufi SW ndani, hicho ni cha 1920 hadi 1935 hivi, kwenye randa yako kitakuwa mgeni. Siyo dhambi, visu vinaisha kwa kunolewa watu wananunua vingine, ila anayekuuzia kwa bei ya "kila kitu orijino" mwonyeshe huo moyo uone atakavyokohoa.

Na mbao ya mpini ikiwa nzito, nyekundu ya giza yenye michirizi myeusi, hiyo ni rozwudi, ukoo mmoja kabisa na mpingo wetu, wote ni Dalbergia. Mi kila nikiishika naikumbuka Lindi.

Kingine, usilazimishe skrubu ya dukani. Nyuzi za Stanley ni za kwao peke yao, ukiingiza ya milimita kwa nguvu unaharibu tundu la miaka mia.

Sasa fundi, mimi ni wa Nairobi, nimetoa saw moja Gikomba, ni ya zamani sana, handle imechongwa poa na iko na button ya brass imeandikwa WARRANTED SUPERIOR na ndege katikati. Nimeisaka hiyo kampuni ya Warranted Superior kila mahali siioni. Ni rare ama? (Wa Nairobi)

Huioni kwa sababu haipo, ndugu yangu. Hayo maneno ni kujisifu tu, ni kama mtu aandike "ubora wa hali ya juu" kwenye mfuko wa unga. Viwanda vingi vya Marekani na Uingereza viliweka kifungo hicho hicho kwenye misumeno ya daraja la pili au ile waliyotengenezea maduka yenye majina yao. Kwa hiyo kifungo hakikusaidii, inabidi uende kwenye bati lenyewe.

Kwenye bati, katikati ubavuni, misumeno ya zamani ilichorwa kwa asidi jina la kiwanda na namba. Imefifia au imefunikwa na kutu, ila ipo. Chukua kipande cha mbao kilichonyooka kabisa, kizungushie msasa laini sana wenye mafuta kidogo, pitisha taratibu kwa urefu. Mbao bapa inapita juu juu, maandishi yaliyoingia ndani yanabaki meusi yanaanza kukuchungulia. Usitumie kidole, kidole kinaingia kwenye mashimo kinafuta. Na grenda usiiguse. Nasema haya kwa uchungu, msumeno wangu wa kwanza wa maana niliupiga brashi ya waya kwenye grenda ukang'aa kama kijiko cha harusi, nikampelekea mzee mmoja kwa madaha, akaugeuza geuza akauliza, "ulikuwa wa nani huu?" Sikuwa na jibu na sitakuwa nalo.

Sasa kifungo kikiwa na jina, mambo ni tofauti. Disston ndo jina kubwa, Henry Disston alianza Philadelphia 1840, na kifungo chake kinasomeka kama kitambulisho: jina lake peke yake mwanzoni, alafu 1865 mtoto mmoja akaingia ikawa "& Son", alafu kuanzia 1871 "& Sons", watoto wameongezeka. Herufi moja hiyo ya mwisho inaweza kukuondolea miaka. Kampuni yenyewe ikaja kuuzwa 1955. Kwa upande wa Uingereza tafuta Spear & Jackson wa Sheffield, hao huku kwetu walikuwa kila duka la Mhindi.

Na ukikutana na msumeno wenye simba, usicheke, ni Peugeot. Hao hao wa ile 504 iliyokuwa inapasua Nairobi kwenda Nakuru. Familia ile ilikuwa inafua mabati ya misumeno kabla gari halijafikiriwa na mtu, simba walimsajili 1858 kumaanisha meno makali, mgongo unaopinda bila kuvunjika, na mbio za kukata. Simba wa gari ametokea kwenye msumeno.

Wako hata kama hautapata jina, jaribu hivi: upinde kidogo uuachie. Ukirudi umenyooka na ukiugonga na kucha unalia muda mrefu, chuma ni kizuri, unolewe ufanye kazi. Shika pia kwenye meno alafu mgongoni, ya daraja la juu mgongo unakuwa mwembamba kuliko upande wa meno, ilisagwa hivyo makusudi isibanwe ndani ya mbao.

Shikamoo. Nina patasi sita za marehemu baba zimeandikwa CAST STEEL. Fundi jirani kasema hizo ni za chuma cha kumimina kama mifuniko ya mitaro, zitapasuka, eti ninunue za Kichina. Nitupe? (Binti seremala, Mwanza)

Marahaba binti, na hongera, tuna maseremala wachache sana wa kike. Jirani yako muombe akuuzie zake zote zenye maandishi hayo.

Hilo neno limewaponza wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1740 huko Sheffield palikuwa na fundi saa anaitwa Benjamin Huntsman, anasumbuliwa na springi. Chuma cha pua cha wakati ule kilikuwa kinatengenezwa kwa kuoka vipande vya chuma ndani ya mkaa siku nyingi, kaboni inaingia nje zaidi kuliko ndani, kwa hiyo hapa kigumu pale kilaini, springi moja nzima nyingine inakatika. Huntsman akaamua akiyeyushe chote. Akatengeneza vyungu vya udongo maalumu vya kuvumilia ule moto, akakiyeyusha humo saa kadhaa mpaka kikawa maji, takataka zikaelea juu, kikachanganyika sawasawa, ndo akakimimina. Kwa hiyo "cast" ni kweli kilimiminwa, ila kilimiminwa pande la pua safi ambalo baadae lilifuliwa kwa nyundo kuwa patasi. Chuma cha mfuniko wa mtaro ni chuma kingine kabisa, kina kaboni nyingi kupita kiasi, ukikigonga kinavunjika kama biskuti. Sheffield ilitajirika kwa vile vyungu zaidi ya miaka mia na hamsini, mpaka tanuri za umeme zilipokuja karne ya 20, na maandishi hayo yakaanza kupotea kwenye zana. Kwa hiyo patasi zako kuna uwezekano mkubwa zimempita umri hata baba yako, alizinunua kwa mtu.

Noa moja vizuri alafu itazame pale kwenye mteremko wa makali, kwenye mwanga wa dirishani. Kwenye nyingi za zamani utaona mstari, upande mmoja unang'aa zaidi na mwingine umefifia. Pua ilikuwa ghali, wakawa wanaunganisha tabaka jembamba la pua kwenye chuma laini kwa moto na nyundo. Ukiuona huo mstari ujue mtu aliifua kwa mkono. Sasa soma jina lililo juu ya maandishi hayo: Marples, Ward & Payne, Sorby, hao wote ni Sheffield. Niandikie tena uniambie umekuta nani, nina hamu kuliko wewe.

Kutu inatolewaje bila kuharibu? (Wengi)

Siki ya kawaida, usiku mmoja, chuma tu bila mpini. Asubuhi sugua na steelwuli, suuza na maji yenye magadi kuua ile asidi, kausha hapo hapo kwa kitambaa na jua, paka mafuta ya cherehani. Ukisahau siku tatu itaanza kula chuma chenyewe. Ile rangi nyeusi ya asili iliyopakwa ndani ya randa usiikwangue, na weusi weusi wa uzee acha, siyo uchafu huo. Na kabla ya yote hayo piga picha kila herufi unayoiona, ikiwa imelowa inasomeka vizuri zaidi.

Assalaam aleikum. Nina randa ya mbao ndefu kama futi, nimeipata Mji wa Kale Mombasa, upande wa mbele imegongwa majina matatu tofauti, moja limerudiwa mara nne. Aliyeitengeneza ni yupi? (Wa Mombasa)

Waaleikum salaam. Siyo huyo wa mara nne. Mtengenezaji hugonga jina lake mara moja tu, juu katikati ya uso wa mbele wa randa, herufi zimekaa vizuri, mara nyingine chini yake jina la mji, London, Glasgow. Anayerudia rudia ni fundi aliyeimiliki, anaogopa kuibiwa, anagonga mbele, nyuma, mpaka ubavuni. Kwa hiyo una mtengenezaji mmoja na wenye mali wawili, na kama jina mojawapo ni Singh sitashangaa, mafundi wengi wa mbao walikuja pwani na reli ile ya Mombasa iliyoanza 1896, na sanduku la zana ndo lilikuwa mzigo wao. Ikiwa mbele ina pembe ya kushikia iliyosimama kama ya ng'ombe mdogo, basi siyo ya Mwingereza, hiyo ni ya Ujerumani au Austria au jirani zao, Waingereza hawakuzipenda pembe.

Shikamoo babu. Mie ni wa Pemba, marehemu babu alikuwa akiunda majahazi. Kuna mgeni anataka kununua keke yake, ile ya kutobolea mbao kwa uta, na tezo mbili za kuchongea mbao, anasema atatoa dola mia. Keke haina jina wala tarehe popote. Nimuuzie? Na nitajuaje ya lini? (Wa Pemba)

Marahabaa mwanangu. Zana zetu hazina muhuri, tezo ilifuliwa na mhunzi jirani kwa ajili ya mkono wa mtu mmoja anayemjua, agonge jina la nini. Kwa hiyo unaisoma kwa njia nyingine. Angalia kwanza kama keke iko kamili, maana wanaouza mtaani wengi wana mti na chuma tu: kuna kekee, hicho ndo chuma kinachotoboa, kuna msukano ambao ni ule mti unaozunguka, kuna jivu, kile kishikio cha juu ambacho msukano unazungukia ndani yake, na kuna uta wenye kamba. Msukano utazame pale kamba ilipopita. Kamba ya miaka mingi inachimba mfereji laini unaong'aa, wa kuigiza kwa kisu una kingo kali. Jivu nalo ndani linakuwa limelika duara na jeusi kwa mafuta. Tezo, pima umbali wa kulika kwa makali, iliyofanya kazi imepungua na imepinda upande wa mkono wa mwenyewe, nina moja ya mtu wa mashoto hata ukiishika mkono wa kulia inakukataa.

Tarehe utaipata kwa watu, siyo kwenye chuma. Kaa na mzee yeyote aliyefanya kazi na babu, muulize mhunzi alikuwa nani, chombo gani kilitobolewa na keke hiyo, mwaka gani kilishushwa majini. Andika kwenye karatasi, weka pamoja na keke.

Kuhusu dola mia, zana ni yenu na shida za nyumbani nazijua, siwezi kukukatalia. Lakini muulize huyo mgeni swali moja, kama angekuta keke hiyo hiyo ina karatasi ya jina la babu na majina ya majahazi yake angetoa ngapi. Alafu usimjibu siku hiyo hiyo. Na kama ni kuuza, uza tezo moja, ile iliyolika kidogo.